Karakana ya milango ya Langoni: nakshi nzuri, na daftari linalostahili sifa zaidi

Mji wa Lamu haujapata kupungukiwa na mafundi wa kuchonga, na mgeni anayetembea barabara kuu kutoka upande wa ngome kuelekea Langoni ataonyeshwa makasha, viti vya enzi na fremu za vioo kabla hata hajaulizia. Karakana ninayoiandikia haipo barabarani. Imejificha katika kichochoro cha Langoni, haina kibao, na wenyeji huitaja kwa jina la fundi mwenyewe. Kwa kuwa mzee huyo hapendi kutangazwa, jina lake nitaliacha. Atakayeuliza alipo fundi wa daftari ataelekezwa bila taabu. Niliagiza kwake mlango wa mabawa mawili kwa ajili ya nyumba ya familia iliyoko Mkomani, na baadaye nikaagiza kitanda cha kamba.

Nianze na kazi yenyewe. Mlango umechongwa kwa mbambakofi, mti mgumu ambao mafundi wa pwani wameupenda kwa milango tangu zamani kwa sababu mchwa hawauwezi kwa urahisi na unyevu wa bahari hauupindi ovyo. Nakshi za kizingiti cha juu ni za majani na maua yanayofuatana bila kukatika, zimekatwa kwa patasi, na mtu akipitisha kidole ndani ya mifereji yake haumizwi na kibanzi. Mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaofunika mwanya wa mabawa mawili, umekaa barabara juu ya bawa lake, kiasi kwamba mlango ukifungwa hakupenyi mwanga katikati. Lawama yangu ni ya vanishi tu, ambayo ilipakwa nzito kuliko nilivyopenda na kuufanya mti ung'ae kama wa dukani. Lakini nilipolifungua daftari la makubaliano nilikuta limeandikwa neno "vanishi" bila kutaja uzito wake, na kwa hiyo sikuwa na hoja. Kitanda hakina dosari. Bei yake ni ya juu kuliko ya majirani zake, na arbuni ni nusu ya bei yote, jambo ambalo si kila mtu atalimudu.

Hata hivyo, nisingeandika tathmini ndefu kwa ajili ya mlango mzuri, kwa kuwa milango mizuri ipo. Kilichonifanya nikae kuandika ni namna karakana hii inavyofunga mazungumzo na mteja kabla ya kupokea hata senti moja.

Mteja akifika hukaribishwa barazani, hupewa kahawa, na mazungumzo huenda yatakavyo: vipimo, aina ya mti, nakshi, muda, bei, na habari za watu waliofariki na waliooa katikati yake. Hakuna anayeandika chochote wakati huo. Maneno yakishakwisha, mwanafunzi wa fundi huleta daftari kubwa la hesabu na karatasi ya kaboni, kisha fundi humgeukia mteja na kumuuliza, "Haya mwanangu, mimi nimesema nini?" Mteja hutakiwa aeleze maneno ya fundi, wala si matakwa yake mwenyewe. Akimaliza, fundi naye hueleza aliyoyasema mteja. Pale wanapotofautiana husimama, wakaulizana, wakakubaliana upya, na mwanafunzi huandika yale tu yaliyokubaliwa na wote wawili. Jirani au mpita njia aliyekuwa akinywa kahawa hapo huombwa atie sahihi kama shahidi, na mteja huondoka na nakala ya kaboni.

Mtu asiyejua ataona huu ni usumbufu wa mzee. Mimi nauona kuwa ni utaratibu uliopangwa kwa ujuzi wa namna akili ya binadamu inavyoshika maneno, ujuzi ambao wanasaikolojia wameufikia kwa njia nyingine kabisa.

Mambo yaliyotokea siku ya mlango wangu yanatosha kuonyesha hilo. Nilipoulizwa fundi amesema nini, nilijibu kwamba ameahidi kumaliza kabla ya Idi. "Idi ipi?" akauliza. Mimi nilikuwa nimeelewa Idi ndogo, ile inayofuata Ramadhani, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tukiitaja wakati wa kuzungumzia wageni watakaokuja nyumbani. Yeye alikuwa amekusudia Idi kubwa, kwa kuwa mbao zake zilikuwa bado hazijakauka. Kati ya Idi hizo mbili kuna zaidi ya miezi miwili. Ilipofika zamu yake, alisema kwa uhakika kwamba mimi nimejitolea kuleta misumari ya shaba kutoka Mombasa. Nilivyokumbuka mimi, nilisema tu kwamba nitauliza bei yake huko. Yule shahidi, ambaye hakuwa na maslahi yoyote, alikumbuka la tatu: kwamba misumari ya shaba tuliiacha kabisa kwa sababu ya gharama. Watu watatu wenye akili timamu walikuwa wamekaa baraza moja, wamesikia maneno yale yale muda mfupi uliopita, na kila mmoja alikuwa na mkataba wake kichwani.

Ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani Jacqueline Sachs alionyesha kwamba msikilizaji hupoteza umbo la sentensi mara tu maneno mengine yanapoifuata, akabakiwa na maana aliyoielewa. Maana hiyo ndiyo tunayoihifadhi, na tukiulizwa baadaye huifumia maneno mapya tukidhani ndiyo yaliyosemwa. Mimi niliposema "kabla ya Idi" nilikuwa nikirudisha maana niliyoijenga mwenyewe, na fundi vivyo hivyo. Laura Stafford na John Daly, waliochunguza mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili mwaka 1984, walikuta kwamba muda mfupi tu baada ya mazungumzo kwisha watu waliweza kutaja takriban sehemu moja ya kumi ya yaliyozungumzwa. Ikiwa kila upande unabeba moja ya kumi, basi si ajabu kwamba sehemu hizo mbili hazilingani; ajabu ni kwamba biashara za mdomo hufaulu mara nyingi kama zinavyofaulu.

Sasa tuangalie kwa nini fundi anamtaka mteja aseme maneno ya fundi, badala ya kumwacha kila mtu arudie ya kwake. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba neno ambalo mtu amelizalisha mwenyewe hukaa akilini kuliko neno alilolisoma tu likiwa tayari. Kwa hiyo katika mazungumzo yoyote, anayesema ana faida juu ya anayesikiliza: amelitafuta neno, amelichagua, amelitoa. Mimi niliyakumbuka vizuri masharti yangu, fundi aliyakumbuka ya kwake, na kila mmoja angeapa kwamba mwenzake hakuwa akisikiliza. Utaratibu wa Langoni unamlazimisha kila mmoja kuyazalisha maneno ya mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe, na hivyo kuipeleka faida ile upande ambao ulikuwa hauna. Kama kila mtu angerudia ya kwake, daftari lingepata nakala mbili za kumbukumbu ambazo tayari zilikuwa imara, na zile dhaifu zingebaki dhaifu.

Kuna sababu nyingine inayohusu mapatano ya bei hasa. Malcolm Brenner, mwaka 1973, aliwakalisha watu katika duara wakisoma maneno kwa zamu, akakuta kwamba mtu hukumbuka vibaya maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake, kwa kuwa akili yake ilikuwa inajiandaa kusema. Anayejua kupatana bei sokoni anaifahamu hali hiyo bila kusomewa utafiti. Muuzaji anapotaja bei na kuongeza sharti, mnunuzi huwa tayari anapanga jibu, na lile sharti linapita. Ndiyo maana migogoro mingi ninayoisikia haihusu bei, ambayo wote wawili waliipigania, bali yale yaliyosemwa pembeni ya bei: nani atatoa bawaba, nani atalipa wachukuzi, kama mlango utafungwa na fundi au utaletwa tu na kuachwa ukumbini.

Jamaa yangu mmoja alifikishana na karakana nyingine, ambayo sitaitaja, mbele ya wazee wa mtaa kwa sababu ya kasha. Yeye alishikilia kwamba waliafikiana kasha la msaji, na fundi alishikilia kwamba waliafikiana kasha la rangi ya msaji. Wote wawili walikuwa tayari kuapa. Wazee, kwa busara yao, hawakumwapisha yeyote, wakagawa hasara nusu kwa nusu, na tangu siku ile watu hao hupishana njiani bila salamu. Nilivyowasikia, hakuna aliyekuwa akisema uongo, na hilo ndilo linaloumiza: mwongo anaweza kuona aibu, lakini mtu anayekumbuka tofauti hana sababu ya kuona aibu, na anauona ukaidi wa mwenzake kuwa ndio ushahidi wa ubaya wake.

Wapo watakaosema kwamba wao si kama watu wengine na kwamba hukumbuka mazungumzo neno kwa neno. Kwao kuna kisa cha John Dean, mwanasheria wa Rais Richard Nixon wa Marekani, aliyetoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 1973 kuhusu kashfa ya Watergate, akieleza mikutano ya ikulu kwa undani uliowafanya watu wamfananishe na mashine ya kurekodi. Baadaye ikajulikana kwamba ikulu ilikuwa na mashine ya kweli ya kurekodi, na mwanasaikolojia Ulric Neisser akapata nafasi adimu ya kulinganisha ushahidi ule na kanda zenyewe katika uchunguzi alioutoa mwaka 1981. Kiini cha habari Dean alikuwa nacho sawa, kwani njama za kuficha ukweli zilikuwepo kama alivyosema. Lakini mambo aliyodai yalisemwa katika kikao fulani mara nyingine hayakusemwa humo, na katika kumbukumbu yake yeye mwenyewe alionekana kuwa mtu wa katikati zaidi kuliko kanda zinavyoonyesha. Kama mtu mwenye kumbukumbu ya kusifiwa na nchi nzima alikuwa hivyo, mimi na jamaa yangu wa kasha tusijipe cheo.

Katika mji wetu kuna ugumu wa pekee katika kumwambia mtu kwamba kumbukumbu yake haitoshi. Lamu ni mji wa watu waliohifadhi. Wapo waliohifadhi Kurani nzima, wapo wanaosoma Maulidi ya Barzanji bila kutazama kitabu, na wapo kina bibi wanaoweza kughani tenzi ndefu huku mikono ikisuka ukili. Kwa mtu wa malezi hayo, kuambiwa "tuandike" kunaweza kusikika kama kuambiwa kwamba haaminiki. Nilimuuliza fundi kama hakuna wateja wanaochukizwa, akajibu kwamba wapo, na huwakumbusha walivyohifadhi. Hakuna aliyehifadhi sura kwa kuisikia mara moja. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani husomewa, husoma mbele ya mwalimu, hurekebishwa, hurudia kesho na keshokutwa. Mazungumzo ya barazani husikika mara moja tu na kupita, na hakuna mwalimu wa kuyasahihisha. Anachokifanya yeye ni kumfanya mteja ayasome maneno mbele ya mwenyewe aliyeyasema, kama ilivyo chuoni, na kurekebishwa papo hapo. Jibu hilo lilinipendeza kuliko mlango.

Chanzo cha utaratibu wake, alivyonieleza, ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani na inayohusu deni la muda. Aya hiyo inaagiza deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe maneno ya kuandikwa, na pawe na mashahidi, ili mmoja wao akipotea katika kumbukumbu akumbushwe. Fundi amelitazama agizo la mdaiwa kutoa maneno kwa makini. Anasema katika kazi ya kuagiza kuna wadaiwa wawili, kwani yeye anadaiwa mlango na mteja anadaiwa nusu ya bei iliyobaki. Basi wote wawili lazima watoe maneno. Aya hiyo hiyo huondoa ulazima wa kuandika katika biashara ya mkono kwa mkono, naye hulifuata hilo pia: anayenunua kisanduku kilichokwisha kuchongwa na kuwekwa rafuni hulipa, hukichukua na kwenda zake, bila daftari wala shahidi.

Haina maana kwamba huduma hii haina kasoro. Kwanza inachukua muda, na nimeona wageni wa hoteli za Shela wakiinuka kabla ya kahawa kwisha kwa kuwa walikuwa wamezoea kupewa bei na risiti tu. Pili, daftari haliwezi kushika ambalo hakuna aliyelitaja. Mbali na vanishi niliyokwisha kuieleza, gharama ya kuufikisha mlango nyumbani haikuguswa na yeyote kati yetu. Kwa kuwa magari hayapiti katika vichochoro vyetu na punda mmoja hawezi kubeba bawa la upana ule bila kugonga kuta, wachukuzi walihitajika, na malipo yao yakazua mjadala ambao ungeweza kuepukwa kama ukurasa ungekuwa na mstari wa uchukuzi uliochapwa tayari. Nilimshauri hivyo; alisikiliza kwa adabu na sijaona mabadiliko.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyokaribia kutukosanisha, nayo inatokana na fundi mwenyewe kuwa na wateja wengi. Kazi ikiwa katikati, alinidai nyongeza kwa sababu ya kupanda kwa bei ya mbao, akiwa na hakika kwamba alikwisha kunieleza na kwamba nilikubali. Hakuwa amenieleza. Mwanafunzi wake alifunua kurasa na kukuta maelezo hayo, yakiwa na tarehe, kwenye ukurasa wa mteja mwingine aliyeagiza mlango unaofanana na wangu. Nigel Gopie na Colin MacLeod walionyesha mwaka 2009 kwamba watu ni hodari zaidi wa kukumbuka nani aliyewapa habari kuliko kukumbuka ni nani waliyempa habari, kwa kuwa anayesema huelekeza nguvu zake kwenye maneno na kwenye nafsi yake, na uso ulio mbele yake ukafifia. Mfanyabiashara anayewaeleza watu kumi habari moja yumo hatarini kila siku: atamsimulia mmoja mara tatu, na mwingine hatamwambia kamwe huku akiapa kwamba amemwambia. Mtu wa kawaida angetafuta njia ya kunishinda kwa maneno. Fundi aliutazama ukurasa wangu, akaona hauna nyongeza, akasema, "Basi ni langu hilo," na bei ikabaki ilivyoandikwa.

Kijana mmoja aliyekuwepo alipendekeza kwamba siku hizi ingetosha kurekodi sauti kwa simu na kuliacha daftari. Sikubaliani naye kikamilifu. Rekodi ingemaliza ubishi wa nani alisema nini, lakini isingemaliza ule wa Idi, kwa sababu maneno "kabla ya Idi" yalisemwa na wote tuliyasikia. Rekodi ingeyarudisha maneno yale yale yenye maana mbili, miezi miwili baadaye, wakati mbao zimekwisha kukatwa. Kurudia maneno ya mwenzako kwa lugha yako mwenyewe ndiko kulikotufanya tugundue kwamba tulikuwa na Idi mbili. Kwa upande mwingine, kwa watu wasiosoma, rekodi ya ule mrudio wa mwisho, ukiwa umeshasahihishwa, ingefaa kuliko karatasi ya kaboni, na sioni kwa nini karakana isiiongeze.

Nikipima yote, kazi ya mkono naipa nyota nne kati ya tano kwa sababu ya vanishi, na namna ya kupatana naipa tano, ingawa kama gharama za uchukuzi zingeandikwa ningeitoa kwa moyo mweupe zaidi. Kwa meza ya jikoni au rafu ya vitabu sioni haja ya kuipandia bei hii. Kwa mlango, kitanda cha harusi au kitu chochote kitakachochukua miezi kutengenezwa, miezi ambayo kumbukumbu ya kila upande itaendelea kujirekebisha kwa faida ya mwenyewe, tofauti ya bei inalipika.

Atakayekwenda azingatie haya. Karakana hufunguliwa asubuhi na kufungwa wakati wa adhuhuri, kisha hufunguliwa tena baada ya alasiri. Siku ya Ijumaa ni asubuhi pekee. Vipimo vipelekwe kwa futi na inchi, kwa kuwa ingawa wazee bado hutaja shibiri na dhiraa, fundi hukataa kuviandika, akisema mkono wake na wa mteja havilingani. Mabadiliko ya kazi hayapokewi kwa simu hata mteja awe Nairobi au Maskati. Sharti aje mwenyewe au amtume ndugu atakayeketi barazani, ayaseme, na ayasikie yakirudiwa. Aliyetumwa ndiye atakayetia sahihi, na ni vyema akapiga picha ya ukurasa na kumpelekea aliyemtuma kabla mwanafunzi hajalifunga daftari.